Friji Haimo Kwenye Hati

Leo nataka tuzungumze habari ya nyumba, na hasa siku mbili katika maisha ya nyumba: siku mthamini anapokuja kuikagua, na siku mnunuzi anapokabidhiwa ufunguo. Ugomvi mwingi ninaousikia kuhusu nyumba umezaliwa katikati ya siku hizo mbili.

Chukua mfano ambao ungeweza kutokea Tabata, Mbezi, Buruburu au Nyali. Mtu ameiona nyumba Jumamosi, akaipenda. Sebuleni kuna viyoyozi viwili vinavyopuliza, jikoni kuna jiko la gesi la pleti nne lililozamishwa kwenye kaunta na oveni chini yake, uani kuna simtanki la lita elfu tano juu ya mnara wa zege, na pembeni jenereta ndani ya kibanda chake. Amelipa. Siku anayohamia anakuta ukutani matundu mawili na ncha za mabomba ya shaba zimepondwa kwa nyundo. Kaunta ya jikoni ina shimo la mraba. Mnara wa tanki umesimama mtupu, na darini nyaya za pangaboi zinaning'inia. Anampigia muuzaji simu. Muuzaji anashangaa, tena anashangaa kweli: "Ndugu yangu, mimi nimekuuzia nyumba. Vyombo vyangu nimehama navyo." Mnunuzi naye anaamini kwa moyo mweupe kwamba bei aliyolipa ilikuwa ya vitu vyote alivyovikuta Jumamosi ile.

Hapo hakuna mwizi. Kosa lilifanyika mapema, siku bei ilipopangwa, kwa sababu hakuna aliyekaa chini akaandika kipi ni nyumba na kipi ni mali ya mtu aliyekuwa akiishi ndani yake. Kwa hiyo leo nina jambo moja la kusema, na nitalisema kwa njia nyingi: vyombo vya umeme, samani na kila kinachoweza kuondoka na mwenyewe bila kuijeruhi nyumba, visiingizwe kwenye thamani ya nyumba. Viandikwe pembeni kwa bei yao wenyewe, au viachwe kabisa.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, ambayo ni Sura ya 113, inapoeleza maana ya ardhi inataja uso wa nchi na kilicho chini yake isipokuwa madini na mafuta, inataja vitu vinavyoota juu yake kwa asili, na majengo pamoja na vitu vingine vilivyojengwa vikashikamana na ardhi kwa kudumu. Mwenye hati anamiliki hayo. Friji haimo kwenye hati, na kochi halimo. Lakini sheria haikuingia jikoni kutuambia oveni iliyopachikwa ndani ya kabati iko upande gani, na kwa swali hilo inabidi twende kwenye hukumu za mahakama.

Tanganyika ilipokea sheria ya mahakama za Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Kenya kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Kwa hiyo hukumu ya mwaka 1872 inayoitwa Holland v Hodgson imo katika urithi wetu sote wawili. Mwenye kiwanda cha kufuma sufu kaskazini mwa Uingereza alikuwa ameweka kiwanda chake rehani. Mambo yakamharibikia, akawakabidhi wadai wengine mali zake. Ndani ya kiwanda kulikuwa na mamia ya mashine za kufumia, zimepigiliwa misumari sakafuni, na kuzing'oa haikuwa kazi kubwa. Je, ni za aliyeshika rehani ya jengo, au ni za wadai wengine? Mahakama ilisema ni sehemu ya jengo. Iliangalia mambo mawili: kitu kimeshikamana kwa kiasi gani, na kimeshikamanishwa kwa lengo gani. Jaji Blackburn alitoa mfano ambao wanafunzi wa sheria wanausoma mpaka leo. Mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji ili yawe ukuta wa shamba ni sehemu ya shamba. Mawe yale yale yakipangwa vile vile kwenye yadi ya mwashi, kwa sababu tu ya kuokoa nafasi, yanabaki kuwa mali inayohamishika. Ni mawe yale yale na yamelala vile vile, lakini lengo ni tofauti.

Sasa tuingie jikoni kwenyewe. Mwaka 1996 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilipata kesi ya Botham dhidi ya benki ya TSB. Benki ilikuwa imekamata na kuuza fleti ya mdaiwa jijini London, na ubishi ukawa juu ya vilivyokuwemo. Kwanza jaji wa chini aliona karibu kila kitu ni sehemu ya fleti. Mahakama ya Rufani ikavipitia kimoja kimoja. Mabomba ya bafuni, vishikio vya taulo na makabati ya jikoni yaliyojengewa pamoja na sinki lake: hivyo ni fleti. Mazulia, mapazia, taa za urembo, na vyombo vya jikoni, yaani friji, oveni, mashine ya kuoshea vyombo na wenzao: hivyo si fleti, hata pale vilipokuwa vimepachikwa vizuri katikati ya makabati. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, maana imekuja baada ya tarehe zile nilizozitaja, ila hoja yake ina nguvu. Chombo chenye maisha mafupi, ambacho kikifa unakichomoa na kununua kingine dukani, hakigeuki kuwa jengo kwa sababu fundi amekifunga skrubu nne.

Kwa hoja hiyo, msikilizaji, nikukatie baadhi ya vitu vinavyotusumbua huku kwetu. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani, chenye kipande cha ndani na kipande cha nje, mimi nakiweka upande wa vyombo. Kinafungwa asubuhi, kinafunguliwa jioni, na ukuta unazibwa kwa kilo mbili za saruji. Mfumo mkubwa wa kupoza hewa unaopita ndani ya dari kwa mifereji yake, huo ni jengo. Simtanki najua lina ubishi, kwa sababu linakaa kwa uzito wake tu na wanaume wanne wanalishusha. Lakini angalia lengo: mnara umejengwa kwa ajili yake, bomba la jikoni na la chooni yanaanzia kwake, na kwa mitaa mingi ya Dar es Salaam nyumba bila tanki haikaliki. Tanki lile ni nyumba. Jenereta ya kubebwa ni chombo. Paneli za sola zilizofungwa kwenye kenchi za paa naziona kuwa nyumba, betri zake ni vyombo. Geti, grili za madirisha, vitasa na sinki ni nyumba, hakuna mjadala. Mita ya Luku haiuzwi na yeyote kati ya hao wawili. Ni ya shirika la umeme.

Mthamini mwingine anaweza kunipinga kwenye sola au kwenye viyoyozi, na ana haki ya kunipinga. Asichokuwa na haki nacho ni kunyamaza. Akiniandikia kwamba ameviweka upande ule, nitajua bei yake ina nini ndani. Akiandika tu "nyumba ya vyumba vinne yenye huduma zote", hajaniambia kitu.

Kuna madhara ambayo watu wa kawaida hawayaoni kwa macho, na ndiyo yanayonifanya nilishikilie jambo hili. Mthamini wa nyumba za kuishi mara nyingi anafanya kazi kwa kulinganisha. Anatafuta nyumba zinazofanana zilizouzwa karibuni mtaani hapo, anaangalia zilikwenda kwa bei gani, anaongeza hapa na kupunguza pale, kisha anapata thamani ya nyumba iliyo mbele yake. Sasa tuseme nyumba ya kwanza iliuzwa shilingi milioni 180 za Tanzania, pamoja na makochi, friji mbili, runinga, viyoyozi na jenereta. Vitu hivyo ukivipeleka sokoni vikiwa vimetumika vingeleta milioni 20. Kwa hiyo nyumba yenyewe, kuta na paa na kiwanja, ilikwenda kwa milioni 160. Jirani yake ana nyumba ya ukubwa ule ule, haina kitu ndani, anaomba mkopo. Mthamini anasikia mtaani kwamba ile ya pembeni ilikwenda 180, anaandika 180. Benki inayokopesha asilimia 80 inatoa milioni 144, badala ya 128. Milioni 16 za juu zimekopeshwa kwa dhamana ya makochi ya jirani, ambayo hata hayamo ndani ya nyumba iliyowekwa rehani.

Na haliishii hapo. Mwaka unaofuata nyumba ya tatu inathaminiwa kwa kulinganishwa na hizo mbili, halafu ya nne. Baada ya miaka michache mtaa mzima una bei iliyobeba friji za watu waliokwisha kuhama. Kijana anayeanza maisha anaambiwa "bei za huku ndizo hizo", naye anaingia mkopo wa miaka ishirini. Friji ile iliyoanzisha mambo haikufika hata nusu ya miaka hiyo, hasa katika mitaa ambayo umeme unakatika na kurudi kwa kishindo.

Anayethamini kwa njia ya gharama, yaani kujua ingegharimu kiasi gani kuijenga upya kisha kutoa uchakavu, yeye ana mtego wake. Bei ya kujenga kwa mita ya mraba kwa kawaida imeshajumuisha nyaya, mabomba na vifaa vya bafuni. Akimaliza hesabu hiyo halafu akaongeza tena sinki na hita ya maji kama vitu vya pekee, amevihesabu mara mbili. Na katika majengo ya fleti, lifti, pampu na jenereta kubwa ni mali ya wenye fleti wote kwa pamoja, kwa hiyo haviwezi kuongezwa kwenye fleti ya mmoja kana kwamba ni vyake.

Njia ya mapato nayo inahitaji uangalifu siku hizi, kwa sababu ya fleti zinazopangishwa zikiwa na kila kitu ndani. Masaki na Kilimani zimejaa. Mgeni anaingia na begi lake tu, anakuta kitanda, shuka, runinga, mashine ya kufulia, hata vijiko. Kodi yake iko juu, na ni haki iwe juu, lakini sehemu ya kodi ile inalipia kitanda na mashine ya kufulia, ambavyo mwenye fleti atavibadilisha tena na tena. Mthamini akiichukua kodi nzima na kuigeuza thamani ya jengo, ameyapa matofali sifa ya magodoro. Inabidi kwanza atoe sehemu ya samani na sehemu ya huduma, ndipo akae na kodi ya jengo tupu.

Tufike kwenye mnada, maana huko ndiko thamani ya kwenye karatasi inakopimwa. Sheria ya Ardhi ya Tanzania inamtaka mkopeshaji anayeuza nyumba ya mdaiwa atafute bei bora inayowezekana. Akiuza kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei ambazo mali zinazofanana zinauzwa sokoni, anahesabiwa kuwa amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo, na mdaiwa anaweza kwenda mahakamani. Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamlazimu mkopeshaji afanyiwe kwanza uthamini wa mauzo ya lazima kabla hajauza. Sasa hiyo asilimia 25 itapimwa kutoka wapi, ikiwa bei za soko zenyewe zimechanganywa na samani? Hakimu anaulizwa kama nyumba imeuzwa kwa bei ya kutupa, na mezani ana bei za nyumba zilizouzwa na makochi yake, wakati iliyopigwa mnada ilikuwa tupu. Vipimo viwili tofauti vinawekwa pamoja kana kwamba ni kimoja, na atakayeumia anaweza kuwa benki leo na mdaiwa kesho.

Na mdaiwa mwenyewe, siku dalali anapofika na lori, ana haki ambayo wengi hawaijui. Aliyeweka nyumba rehani hakuweka rehani mashine yake ya kushonea, wala friji anayouzia maji ya baridi, isipokuwa kama alisaini karatasi nyingine ya vitu hivyo. Rehani inashika ardhi na kilichoshikamana nayo. Vinavyohamishika ni vyake, aondoke navyo. Mama anayetolewa ndani ya nyumba anastahili kuambiwa hivyo kwa sauti, mbele ya mjumbe na majirani. Ripoti ya uthamini inayotenganisha vitu ingekuwa ngao yake siku hiyo, kwa sababu ingeonyesha kwa maandishi kwamba benki haikupata kuvihesabu vyombo vile kuwa dhamana yake.

Nikupeleke sasa mahali ambapo utengano huu umeshaingia kwenye kanuni zetu, ingawa hatuuzungumzi kwa jina hilo. Serikali ya Tanzania inapotwaa eneo kwa ajili ya barabara, reli au uwanja wa ndege, mwenye nyumba anathaminiwa kwa kanuni za fidia za mwaka 2001. Analipwa thamani ya ardhi na maendelezo yaliyomo juu yake. Analipwa posho ya usumbufu. Analipwa posho ya makazi, ambayo ni kodi ya nyumba kama hiyo kwa miezi 36. Na analipwa posho ya usafiri: gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20.

Hiyo posho ya usafiri iangalie vizuri. Kanuni hazikumwambia mthamini ahesabu vitanda, masufuria na friji na kuvilipa fidia. Zimevichukulia kuwa mzigo. Vitu ni vyako, unabaki navyo, na anayekuhamisha anakulipia lori la kuvibeba. Mimi naona huo ni uamuzi wa haki kabisa, na unatokana na wazo lile lile: nyumba inabaki na inalipiwa, vyombo vinaondoka na mwenyewe.

Ugumu unakuja kwenye vitu vya katikati. Mthamini anapita na fomu yake, anapima vyumba kwa futi, anaandika choo, ukuta, geti, mwembe, mnazi. Anafika kwenye simtanki, anafika kwenye paneli za sola, anafika kwenye pampu ya kisima. Akiviacha bila kuviandika, mwenye nyumba atavihamisha, lakini mnara wa tanki na bomba lililochimbiwa havihamishiki, na kisima kinabaki na watu wa mradi. Akiviandika, mwenye nyumba alipwe na avijue kuwa vimelipiwa. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kusaini fomu ile, mwananchi asomewe mstari kwa mstari: hiki umelipwa, hiki beba. Wengi wanasaini wakiwa wamesimama juani, wanaangalia jumla ya chini tu, halafu wanakuja kulalamika wakati wino umeshakauka.

Pwani yetu, msikilizaji, haikungoja Waingereza kujua kwamba vitu viwili vinaweza kukaa pamoja na kuwa na wenyewe wawili. Mombasa, katika mitaa kama Majengo, kuna watu wanaomiliki nyumba ambazo ardhi yake si yao. Mtu amejenga nyumba ya Kiswahili kwa mali yake, anamlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi, na nyumba ile anaweza kuiuza au kuiacha urithi. Vivyo hivyo kwa minazi: shamba la huyu, miti ya yule. Mthamini anayeingia Majengo na kanuni ya darasani kwamba kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi, akaandika thamani moja kwa kiwanja na nyumba, ameidhulumu familia moja na kuizawadia nyingine. Hapo swali la kwanza si vyumba vingapi, ni nani mwenye nini.

Na kuna mlango. Mlango wa nakshi wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Zanzibar umefungwa kwenye fremu nzito iliyoshikwa na ukuta wa mawe na chokaa, na kwa kipimo chochote ni sehemu ya nyumba. Lakini yupo mnunuzi anayeutaka mlango tu na haitaki nyumba, anatoa pesa nzuri, na fundi anaweza kuung'oa kwa siku moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 inailinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kenya nayo, katika sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, inailinda iliyochongwa kabla ya 1946. Kwa hiyo mthamini wa nyumba ya kale aupige picha mlango, aupime, auandike ndani ya nyumba, na aseme wazi kwamba thamani aliyoitoa ni ya nyumba yenye mlango huo. Nyumba iliyong'olewa mlango ni nyumba nyingine, na bei yake ni nyingine.

Nigusie Kenya na ushuru wa stempu, kwa sababu najua baadhi yenu mmeshaanza kuwaza njia hiyo. Anayenunua ardhi mjini analipa asilimia 4 ya thamani, na wa vijijini asilimia 2. Ushuru huo unatozwa kwenye ardhi na majengo, hautozwi kwenye makochi. Basi kuandika samani kwa bei yake ya kweli, pembeni, ni halali na kunampunguzia mnunuzi mzigo. Kuandika makochi ya laki mbili kuwa ya milioni tatu ili ushuru wa nyumba ushuke ni udanganyifu, na mthamini wa serikali yupo kwa ajili hiyo. Ninawasihi msiufanye. Unamharibia hata mwenye nyumba wa pili, kwa sababu bei ya uongo inaingia kwenye ule ulinganisho niliousema.

Wenzetu Wamarekani wana uzoefu wa kutufaa, na Waswahili wengi waliohamia huko wameukuta wakinunua nyumba. Baada ya vyama vyao vingi vya akiba na mikopo kuanguka katika miaka ya 1980, sheria ya mwaka 1989 ilileta utaratibu wa wathamini wenye leseni kwa mikopo inayogusa serikali ya shirikisho. Kanuni zao za uthamini, zinazojulikana kwa kifupi USPAP, zinasema mali isiyo jengo ikiingizwa kwenye uthamini wa nyumba, mthamini lazima achambue imechangia nini kwenye thamani. Haruhusiwi kuimeza kimya kimya. Hilo tu ndilo ninalolitaka na sisi tulifanye.

Vyombo vya kulisimamia hilo tayari tunavyo. Tanzania ina Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, ina Mthamini Mkuu wa Serikali, ina Bodi ya Usajili wa Wathamini. Kenya ina bodi yake. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hili. Inatosha ripoti ya kila nyumba ya kuishi iwe na ukurasa mmoja wa lazima: vitu hivi nimevihesabu kuwa nyumba, vitu hivi nimevikuta na sikuvihesabu, na bei nilizolinganisha nazo zilikuwa na vyombo au hazikuwa navyo. Mabenki yakikataa kupokea ripoti isiyo na ukurasa huo, kila mthamini atauandika ndani ya mwezi mmoja.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nawaambia wanaouza na kununua wiki hii msiingoje bodi. Chukueni daftari la shule. Mpite chumba kwa chumba, muuzaji na mnunuzi, na shahidi mmoja. Kila kitu kilichofungwa ukutani, darini au sakafuni kiandikwe: kinabaki, au kinaondoka. Kinachobaki na ni chombo, kiandikiwe bei yake ya sasa, si ya siku kilipotoka dukani. Kinachoondoka, muuzaji akubali kuziba tundu na kufunga nyaya kwa usalama. Pigeni picha, muweke sahihi wote, na wakili aiambatishe orodha hiyo na mkataba wa mauziano. Mpangaji aliyefunga kiyoyozi au taa zake afanye vivyo hivyo na mwenye nyumba siku anayofunga, asingoje siku ya kuhama.

Na wewe unayesubiri mthamini wa benki aje kesho au keshokutwa: akimaliza kupima, kabla hajapanda gari, muulize swali moja. "Bei utakayoiandika, friji yangu imo au haimo?" Akikujibu haimo, mwombe aliandike.